Tumbo la Nyumba ya Kavata

Nzilani alikuwa ameinama ndani ya shimo la maji pale mtoni alipohisi joto likimteremka mapajani tena. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Watu walichimba, wakasubiri maji yajikusanye, wakayateka kwa kibuyu kidogo kidogo. Alibana miguu. Haikusaidia. Tone liliangukia mchanga, kisha jingine, na wanawake waliokuwa wakingoja zamu yao pale juu wakaona.

"Toka humo," mmoja akasema, si kwa ukali. "Hayo maji tunakunywa."

Alipanda akishikilia ukingo uliokuwa ukimbomokea mikononi. Ndeti, binti yake mkubwa, aliingia shimoni bila kuambiwa, akauzoa ule mchanga wenye damu kwa viganja, akautupa mbali, akaendelea kuteka. Nzilani alikaa kando juu ya jiwe, tumbo limemtangulia kama la mwanamke aliyekaribia kujifungua. Hakuna aliyemuuliza siku zake zimebaki ngapi. Swali hilo walikuwa wamelichoka mwaka uliopita.

Mwaka uliopita Kavata alikuwa na furaha. Kavata ndiye aliyekuwa mume wa Nzilani: mjane mfupi mwenye sauti nzito, ambaye hakuwahi kushika mimba. Mumewe alipofariki, alichukua ng'ombe na mbuzi wake, akaenda milima ya Kilungu kwa baba yake Nzilani, akamwoa huyo msichana, kama desturi ya Wakamba inavyomruhusu mwanamke asiye na mtoto. Mwanamume wa kuingia nyumbani alichaguliwa na Kavata mwenyewe. Alikuja, akaenda zake, na watoto waliozaliwa wakawa wa Kavata na wa marehemu. Walizaliwa wawili, wote wasichana. Kanisani Nzilani alikaa benchi la nyuma na hakupewa meza ya Bwana, kwa kuwa mchungaji hakuona mume.

Kavata aliwapenda wale wasichana. Lakini wapimaji wa mashamba walikuwa wanakaribia Kalamba, kwao, na kila mtu alijua kwamba boma lisilo na mwana wa kiume lingeandikiwa ndugu wa marehemu. Ndugu huyo alikuwepo. Aliitwa Mulei, shamba lake lilipakana na lao, na mbuzi wake walikuwa wameshaanza kuvuka mpaka.

Kwa hivyo tumbo la Nzilani lilipoanza kufura, Kavata alitembea sokoni kifua mbele. Alimwambia Mulei mbele ya watu, "Funga mbuzi wako. Mwenye shamba anakuja."

Miezi ya mimba ikaisha, ikapita. Mwenye shamba hakuja. Ilikuja damu.

Baada ya siku ile ya mtoni Nzilani alikwenda hospitali. Daktari alikuwa kijana wa kutoka mbali, amechoka, macho mekundu. Alimbonyeza tumbo kwa ncha za vidole.

"Una uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Tena si mmoja. Damu iliyobaki mwilini ni kidogo, nashangaa umefika hapa kwa miguu. Tutautoa mfuko wote."

"Nitazaa tena?"

"Utazaa na nini?"

Nesi Syombua, mtu wa huko huko, alilirudia jambo lile kwa Kikamba, ingawa Nzilani alikuwa ameelewa. Alitaka tu lisemwe mara ya pili kwa upole.

"Na mayai pia tutatoa," daktari akaendelea. "Una watoto tayari. Yana kazi gani?"

Syombua aliinama karibu na kitanda. "Yakiachwa, mwili wako utazeeka polepole kama wa wenzako. Yakitolewa, utazeeka mara moja. Joto, jasho, mifupa kuuma. Kama hayana ugonjwa, unaweza kusema yaachwe."

"Yaachwe," Nzilani akasema.

"Sawa, sawa," daktari akasema. "Mume wako aje akubali. Siwezi kumpasua mwanamke wa umri wako hivi hivi. Juzi mume wa mtu alinijia na panga."

"Mume wangu ni Kavata."

"Aje basi huyo Kavata."

Syombua alikohoa. "Daktari, Kavata ni mwanamke." Akamweleza ile desturi. Daktari alicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama.

"Kwani ukoo mzima hauna mwanamume?" aliuliza alipopata pumzi. "Mimi nataka mwanamume."

Nzilani aliporudi nyumbani, Kavata alikuwa uani akichambua mahindi ya manjano ya msaada, akitenga yaliyoliwa na wadudu na yanayoweza kusagika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Hapana."

"Mwaitu, mama yangu, ninakufa."

"Nizalie mvulana kwanza. Halafu wakate wanachotaka."

"Mtoto hawezi kukaa humu. Daktari amesema."

"Daktari ana shamba hapa?" Kavata akapepeta kwa ungo, makapi yakaruka. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unafikiri tumbo langu mimi lilikuwa na nini? Lilikuwa gumu hivyo hivyo. Nilitoka damu hivyo hivyo. Hakuna aliyenipasua. Nilipoacha kwenda mwezini, likanywea lenyewe. Na niko hai."

"Uko hai bila mtoto."

Mikono ya Kavata ilisimama juu ya mahindi. "Ndiyo sababu nilikuoa wewe."

Mulei alikuja na kibuyu cha maziwa, katika msimu ambao watu walikuwa wamesahau harufu ya maziwa. Alijikalisha kwenye kigoda kabla hajakaribishwa.

"Nimesikia habari za msichana wetu," alisema. "Mnangoja afe? Mimi nitampeleka. Daktari anataka mwanamume, na mwanamume wa ukoo huu ni mimi."

"Wewe unataka shamba," Kavata akamwambia.

"Mimi nataka apone."

Nzilani alimtazama usoni na hakuona uongo. Alitaka apone, na alitaka shamba, na safari hii mambo hayo mawili yalikuwa yanakwenda njia moja.

Siku zilizofuata alizipitisha akiwa amelala chini kivulini, ukuta ukimzunguka kila alipoinua kichwa. Ndeti aliacha shule ili ateke maji, apike, afue vitambaa. Nzilani alimsikiliza akifua. Aliwaza: akikaa, atakufa, na wasichana watabaki na Kavata mzee, na Mulei atalichukua shamba vilevile, ila atangoja kidogo. Akienda, watakuwa na mama lakini hawatakuwa na mahali pa kulala. Aligeuza mawazo hivyo na hivi, kama mtu anayetafuta upande wa blanketi usio na tundu. Kisha akamwita Ndeti amfungie leso.

Kavata hakumzuia. Alisimama langoni tu. "Nenda," alisema. "Lakini ujue unaenda na nani."

Safari hii daktari hakucheka. Alimpa Mulei mkono, akamwita mzee, akamketisha kwenye kiti. Walizungumza juu ya kichwa cha Nzilani, naye amelazwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu.

"Mfuko unatoka, mzee. Na mayai je?"

"Mayai gani?"

"Ya uzazi."

Mulei alijikuna kidevu. "Yakibaki, anaweza kuzaa?"

"Bila mfuko hawezi."

"Hata kwa bahati?"

"Hata kwa bahati."

"Toa yote tu, daktari. Lisibaki neno la kusemwa."

Nzilani alijiinua kwa kiwiko. "Mimi nilisema yaachwe."

"Lala, mama. Utapandisha presha."

"Alisema hivyo, daktari," Syombua akasema, akiwa amegeukia meza ya vyombo.

"Mzee ameshasema. Twende."

Siku iliyofuata upasuaji, Nzilani alijua kabla hajaambiwa. Kulikuwa na baridi asubuhi hiyo wadini, wagonjwa wamejikunyata chini ya blanketi, na yeye alilitupa lake chini. Moto ulimpanda kutoka kifuani hadi masikioni, jasho likamtiririka shingoni. Syombua alileta beseni na kitambaa.

"Yote?"

"Yote."

"Yalikuwa na ugonjwa?"

Syombua alikikamua kitambaa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Niliyaona. Yalikuwa mazima."

Alirudi nyumbani. Damu ilikuwa imekoma. Alipoanza kuteka maji mwenyewe, akasimama shimoni miguu mikavu, alifurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi. Kavata alimpikia uji, akampa. Joto lilimjia akiwa jikoni, shambani, kanisani, likaondoka likimwacha amelowa na anatetemeka. Ndeti hakurudi shule.

Wapimaji wa mashamba walipofika, kamati ilikaa katika darasa la shule ya msingi. Wanaume walijibana kwenye madawati ya watoto, wanawake wakasimama ukutani. Ilipofika zamu ya shamba la marehemu, mwenyekiti aliuliza kama nyumba ile ina mwana wa kiume.

"Atazaliwa," Kavata akajibu. "Mke wangu bado kijana."

Mulei akainuka taratibu. "Wazee, si vizuri kudanganya. Alipasuliwa. Nilimpeleka mimi mwenyewe, kwa huruma. Hana kitu tena tumboni."

"Ni kweli, mama?" mwenyekiti akamuuliza Nzilani.

Kavata hakumtazama. Alikuwa akitazama sakafu, midomo imebana. Nzilani alihisi ule moto ukianza kupanda, chini ya kifua, ukaja shingoni.

"Naweza kuzaa," alisema.

Minong'ono ikapita darasani. Mulei hakukasirika. Alitabasamu kwa masikitiko, kama mtu anayemtetea mgonjwa.

"Aonyeshe tumbo basi. Kovu halidanganyi."

"Huyo ni mke wangu!" Kavata akapaza sauti.

"Kaa chini, mama," mwenyekiti akasema. "Hapa tunaamua mambo ya ardhi. Wewe, njoo mbele."

Nzilani alikwenda mbele, karibu na ubao. Jasho lilimdondoka kidevuni na nguo ikamgandia mgongoni. Wale wa madawati ya nyuma walisimama ili waone. Mwenyekiti alitoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa shati, akaivaa.

"Inua," alisema. "Usitucheleweshe. Kuna watu wengine wanangoja."