Kisima cha Jumatatu

Mtu mmoja tu katika mji ule ndiye aliyejua maji yako umbali gani chini ya miguu ya watu, na mtu huyo alikuwa anakosea. Alikosea kwa miaka kumi na miwili, tena kwa mwandiko mzuri.

Walimwita Futi, ingawa alipima kwa mita. Kazi yake katika Idara ya Maji ukiisikia utaidharau. Kila Jumatatu saa moja asubuhi alifungua mfuniko wa kisima kikuu, akateremsha utepe wa kupimia wenye kidude cha chuma nchani. Kidude kikigusa maji, kengele kwenye gurudumu la utepe hulia tii, naye husoma namba, huandika kitabuni, huyo anakwenda kunywa chai. Mzee aliyemwachia kazi alimfundisha hivyo. Pampu hupumzishwa Jumapili kutwa ili fundi aitie grisi, kwa hiyo Jumatatu maji yametulia, na maji yaliyotulia ndiyo yanayopimika. Siku njema huonekana asubuhi, mzee alizoea kusema. Futi hakuwahi kumuuliza jioni huonekana nini.

Sasa wiki hiyo, Jumatatu ilimkuta msibani kwa mjomba wake. Alirudi Alhamisi, na Ijumaa asubuhi akakuta mstari mtupu kitabuni. Angeweza kunakili namba ya wiki iliyopita, na tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa, alishawahi kufanya hivyo mara mbili tatu. Lakini saa nane mchana wa siku hiyo baraza la mji lilikuwa linapitisha Mpango wa Miaka Thelathini, na kiambatisho chake cha tatu kilikuwa namba za Futi tupu, na sahihi yake chini. Mtu ukishaingia kwenye vitabu vya wakubwa, hata kukohoa unakohoa kwa adabu. Akachukua utepe wake akaenda.

Pampu ilikuwa inanguruma. Akateremsha. Arobaini na mbili, pale kengele inapolia siku zote, kimya. Arobaini na tano, kimya. Akacheka kidogo, akasema betri imekufa. Akauvuta utepe wote juu, akatumbukiza kidude kwenye ndoo: tii. Betri nzima kuliko yeye.

Akateremsha tena, safari hii bila kucheka. Hamsini. Kuanzia hapo utepe ulikuwa mpya, namba zake zinang'aa kama zimetoka dukani jana, kwa sababu katika miaka kumi na miwili sehemu ile haikuwahi kutoka kwenye gurudumu. Sitini. Sabini. Vidole vikaanza kuuachia utepe kidogokidogo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akiogopa kugusa mkono wa mtu.

Sabini na nane: tii.

Pampu ilikuwa imening'inizwa mita themanini. Juu yake kulikuwa kumebaki maji ya urefu wa mlango.

Fundi wa pampu alikuwa amemwoa dada yake Futi, na kwa kazi hiyo ya ushemeji alijipa ruhusa ya kumtania kutoka asubuhi hadi asubuhi. Alipoambiwa akasema msiba umemchosha shemeji yake, akalale, na asimsingizie kisima. Futi hakubishana, akampa gurudumu ateremshe mwenyewe. Kengele ilipolia, fundi alibaki ameinama, utani wote umemtoka.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Tangu mwaka jana inakohoa. Kila Ijumaa inakohoa, Jumatatu inapona. Nikadhani uzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe ulikuja lini siku ya Ijumaa?"

Walikuwa wanafanya kazi hatua ishirini kutoka mlango hadi mlango, mmoja anaandika afya ya kisima siku kikiwa kimelala usingizi, mwingine anasikia kikikohoa siku kimechoka, na wakikutana wanaongea mpira.

Kilichomtisha Futi zaidi ni ukurasa wa kumi na tisa. Mpango ulikuwa unaleta nyumba elfu nne mpya na kiwanda cha nguo, vyote vinywe kisima hicho hicho, kwa vile namba za Jumatatu zilionyesha kisima kimeshiba. Na ili maji yatoshe, ukurasa huo ulisema, pampu ifanye kazi siku saba. Mapumziko ya Jumapili yafutwe. Jumapili ndiyo siku pekee kisima kilikuwa kinavuta pumzi.

Na mpango wenyewe haukuwa wa kubabaisha, hapo ndipo palipouma. Afisa Mipango, binti wa rika la mwana wa kwanza wa Futi, aliuhangaikia miaka mitatu. Alipita mtaa kwa mtaa akiwauliza watu wanataka wajukuu wao wakute nini. Mji ule ulikuwa umezoea kupanga kwa kadiri ya mwisho wa mwezi. Yeye ndiye aliyewafundisha watu kutamka neno miaka thelathini bila kucheka. Kisimani alikuja mara mbili. Zote Jumatatu.

Hadi saa sita Futi alikuwa ameshajitetea kichwani mbele ya kila mtu. Alibakiza miaka minne astaafu. Akisema, wataona kitabu chote cha miaka kumi na miwili ni takataka yenye mwandiko mzuri. Asiposema, nani atajua, zaidi ya shemeji? Pampu itakufa mwaka ujao au wa pili, watalaumu fundi, watalaumu mvua. Alimpigia mkewe simu, akazunguka weee, mwisho akamuuliza kama nyumbani kuna maji. Mkewe akajibu yapo, kwani yaende wapi? Futi akakata simu.

Ukumbi wa baraza ulikuwa na viti vya plastiki nyuma na viti vya kuzunguka mbele, na Futi aliwekwa nyuma. Kalamu ilikuwa inapita mezani, kila mjumbe anatia sahihi kurasa. Ilipobaki mkono mmoja ifike kwa Mwenyekiti, Futi alijikuta amesimama. Hakumbuki nani alimsimamisha.

Alieleza vibaya, kwa kurudiarudia, lakini alieleza. Mwenyekiti alimsikiliza akiwa ameegemea, halafu akauliza polepole, "Kwa hiyo, mzee, miaka kumi na miwili ulikuwa unatudanganya?"

"Sikudanganya, Mheshimiwa. Nilikuwa napima siku nzuri."

Mtu mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Mwenyekiti akasema mpango unasubiriwa na wafadhili Jumatatu, watu wametangaziwa nyumba, tutie sahihi leo, mambo ya mita tutarekebisha njiani. Miaka thelathini ni mingi. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali kwa nafuu, maana hakuna kitu kitamu kama kesho ya mtu mwingine.

Afisa Mipango hakutikisa. Alikuwa amefungua kiambatisho cha tatu, kidole chake kinashuka na namba za Futi, moja moja.

"Baba, pampu iko mita ngapi?"

"Themanini, mwanangu."

"Na leo?"

"Asubuhi ilikuwa sabini na nane."

Akafunga faili na kulipakata kama mtoto mwenye homa. Akasema yeye kama mwandishi wa mpango hautoi mikononi mwake hadi akione kisima kwa macho yake. Mwenyekiti akaahirisha kikao kwa hasira, akaagiza jambo hilo lizungumzwe Jumatatu. Hata baada ya yote, Jumatatu.

Saa kumi walikuwa watatu kisimani. Futi aliteremsha, binti akasoma. Sabini na nane na nusu. Baada ya nusu saa, sabini na tisa. Pampu ikakohoa, kikohozi kikavu cha kitu kinachomeza upepo, na bomba kubwa likatikisika hadi wakalihisi kwenye nyayo. Fundi akaweka mkono kwenye swichi akawatazama. Akizima, mji mzima unakauka Ijumaa jioni, watu wametoka kazini, watoto hawajaogeshwa. Asipozima, pampu inaungua, na pampu nyingine ya aina ile mji hauna. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na cheo cha kuamua hilo.

Binti alimpigia Mwenyekiti simu. Ikaita hadi ikakata. Akapiga tena. Pampu ikakohoa mara mbili mfululizo.

"Zima," akasema, akashusha simu. "Zima, fundi. Nitaandika mimi ndiye niliyesema."

"Tuandike wote," Futi akasema.

Fundi akazima. Hakuna aliyewahi kukisikia kisima kile kikiwa kimya siku ya kazi. Binti akaketi juu ya mfuniko, akafungua mpango ukurasa wa kwanza, akamuuliza Futi kisima kinaweza kutoa kiasi gani kwa siku bila kuumia, mwaka hadi mwaka, hata wajukuu wakute.

Futi akafungua mdomo kutoa namba, kwa mazoea. Akaufunga.

"Sijui," akasema. "Tupime kila siku, kiangazi na masika, ndipo nitajua. Leo sijui."

Binti akaandika hivyo hivyo, haijulikani, pale palipokuwa na namba.

Nje, mtu akagonga geti kwa ndoo tupu. Akaja wa pili. Halafu ndoo zikawa nyingi, na sauti ya mwanamke ikauliza kwa upole, upole ule unaotangulia shari, kama humo ndani kuna mtu. Fundi akawatazama wenzake, akajifuta grisi mikononi, haikutoka. Futi akakikumbatia kitabu chake, akaenda kufungua geti. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hakujua atawaambia nini cha kwanza.