Ufa wa Mfongo

Vita vya Hitla vilipokwisha, juu kabisa ya Kirua Vunjo, karibu na msitu, tulibaki nyumba tatu. Wengine walishuka kutafuta kazi Moshi. Mawe ya huku yana matundu. Maji huzama, ukayasikia yakinguruma chini ya miguu, yakatokea huko tambarare kwa watu wengine.

Mwaka ule mwamba ulipasuka chini ya mfongo, mfereji unaonywesha vihamba vyetu, mashamba ya ukoo ya kahawa na migomba. Maji yote yakaingia ufani. Shemeji yangu Eliamini, mkubwa wa mfongo, akaja uani kwangu.

"Shemeji, kaka yangu hakurudi vitani. Nani atachimba hapa? Jumamosi maji yasipofika, tunayageuzia nyumba za chini. Wewe utahamia nyuma ya jiko langu."

"Na kihamba cha mume wangu?"

"Kihamba bila maji ni nini?"

Nilimwomba Mungu, kisha nikamwendea jirani yangu Melkior, mzee mwenye mguu mbovu. Kwetu mwanamke hagusi mfongo. Husemwa maji yatakauka.

"Shikamoo mzee. Naomba uje ukae tu pale, mwanamume aonekane."

"Marahaba. Kukaa naweza," akacheka. "Lakini wewe Mlutheri utanipa mbege?"

"Nitakupa ndizi."

"Haya, nitatafuna pombe kabla haijachacha."

Akakaa juu ya jiwe na kiko chake. Mimi nikabeba udongo wa mfinyanzi, nikaukanyaga pamoja na nyasi, nikaushindilia ufani. Mgongo uliuma hata zaburi nikaisahau katikati.

"Ongeza pale, fundi," alisema Melkior. "Nimechoka kukutazama."

Jumamosi Eliamini akafika. Maji yalikuwa yanapita, membamba kama kamba.

"Nani kaziba?"

"Mimi," alisema Melkior.

Eliamini akatazama viganja vikavu vya mzee, akatazama matope magotini mwangu.

"Kwa mguu huo, mzee?"

"Mguu mbovu, mikono mizima."

"Basi mwambie aliyekusaidia kwamba mawe haya hayashibi. Mvua ikija yatafungua kinywa tena."

Akaweka jembe begani, akashuka. Maji hakuyageuza.

Nilikaa palepale, sina nguvu ya kushukuru kwa maneno. Mungu aliona. Pembeni mwa ufa udongo ulikuwa umeshaanza kulowa. Nikainuka, nikaenda kuchota mwingine.