Mgandamizo Uliowaamsha Viluwiluwi

"Shemeji, mtungi huu nao ukipasuka, mdogo wako atanifukuza nyumbani," alisema fundi pampu akikaza nati ya mwisho pale maabarani.

"Wewe kaza, acha maneno."

Huyo aliyejibu alikuwa daktari wa dawa za usingizi. Wenzake walimwita Kwanini, maana maswali yake hayakuwa na kituo. Alikuwa amewalaza wagonjwa wasiohesabika, lakini jambo moja lilimkereketa: dawa ikishaingia mwilini, humshika mtu wapi hasa? Alijua dawa hizi hupenda mafuta, na kwamba kila seli imefunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta. Labda dawa hujipenyeza humo, utando ukavimba kidogo, na ile milango ya kupitishia habari za neva ikakwama. Sasa utando huo ukibanwa kwa nguvu, je, si utarudi ulivyokuwa? Alikuwa amesoma kwamba viumbe wadogo wa majini waliwahi kuamshwa hivyo. Lakini kusikia si kuona, naye alitaka kuona.

Ndipo alipomwomba shemeji yake amtengenezee mtungi wa chuma wenye kidirisha cha kioo kinene. Wa kwanza ulifyatuka mpira wa kuzibia kifuniko, wakalowa chapachapa wote wawili. Huu ulikuwa wa pili.

Ndani ya maji yenye dawa, viluwiluwi wa chura walikuwa wamelala chini kama mbegu za papai. Fundi akapiga pampu. Mshale wa geji ya mgandamizo ukapanda. Viluwiluwi hawakutikisika. Akapiga tena, jasho likimchuruzika.

"Shemeji, hawa wamekufa."

"Hawajafa. Ongeza!"

"Niongeze tufe sisi?"

"Ongeza bwana!"

Akaongeza. Mkia mmoja ukatikisika. Daktari akabandika uso kidirishani. Mkia wa pili. Mara wote wakachomoka, wakaogelea huku na huko, wakigongana kama watoto waliosikia kengele ya kutoka darasani.

"Wameamka! Mama yangu, wameamka!"

Aliyepiga ukelele huo ni fundi. Daktari machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alisema neno moja tu: "Shusha."

"Baada ya jasho lote hili?"

"Shusha, shemeji, tuone."

Mshale ukateremka. Viluwiluwi wakalegea, wakazama, wakalala fofofo. Wakapandisha tena, wakaamka tena! Maji yaleyale, dawa ileile. Kilichobadilika ni mgandamizo tu.

Makelele yalimleta mkuu wa maabara mbio, akidhani pamelipuka. Alikuja kufoka, lakini alipochungulia kidirishani, hasira zikamwisha.

"Rudieni," alisema.

Wakarudia.

"Unaona, mzee?" daktari alisema, maneno yakimtoka kama maji ya bomba. "Utando umebanwa, dawa imesukumwa nje!"

"Au haikuwa kwenye mafuta kabisa," mkuu akabisha. "Pengine imekaa ndani ya ile milango yenyewe, mgandamizo ukaing'oa humo."

"Pengine!" Kwanini akacheka, akapiga makofi. "Basi tutafute dawa inayopenda mafuta zaidi, tuone kama nayo inang'oka. Ikikataa, umenishinda."

"Na ikikubali?"

"Nitakusumbua mpaka ustaafu."

Mkuu akavua koti, akakunja mikono ya shati na kusogea penye pampu.

"Hebu nipishe, fundi. Na mimi nipige."