Dumu Moja kwa Masoko Matatu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua karakana yake ya kutengeneza vyombo vya bati, Mrisho alitoka uani na dumu la lita ishirini na funeli aliyoichomelea mwenyewe, akalijaza petroli kombi la mkewe mpaka petroli ionekane mdomoni mwa tangi. Kisha alilitikisa dumu asikie kilichobaki. Jumatatu ile hakuwa na cha kutikisa. Dumu lilikwisha na tangi halijajaa. Akarudi ndani kuleta la pili, akamimina hadi nusu yake ndipo petroli ikachungulia.

"Mama Siham," aliita. "Njoo uone mambo."

Mwantum alitoka jikoni anajifuta mikono kwa kanga.

"Dumu moja na nusu," Mrisho alisema. "Na ulikwenda wapi wiki hii? Mpuguso, Kiwira na Masukulu. Basi."

"Milima, Baba Siham. Milima ya huku unaijua."

"Milima naijua. Hata ng'ombe hanywi hivi, na yeye angalau anatoa maziwa."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na robota za mitumba zikaanza kushushwa Tukuyu kama mvua. Mwantum alikuwa ameshona barazani kwake kwa miaka ishirini: sare za shule, magauni ya harusi, kanzu za Idi. Mitumba ilipoingia, wateja wakaota mbawa. Karibu mwaka mzima cherehani yake ilikaa imefunikwa shuka. Halafu siku moja sokoni alimwona mzee mmoja amevaa koti zuri la sufu lililoshonewa jitu la Ulaya. Mikono aliikunja mara tatu, mabega yakamning'inia kama koti limetundikwa kwenye mti. Mwantum alimsimamisha palepale, akamvua koti, akaenda naye nyumbani, na baada ya saa moja mzee alitoka pale amenyooka kama hakimu. Tangu siku hiyo alijua kazi yake haikufa. Ilikuwa inafika kwa robota, inangoja kupunguzwa.

Kombi walilipata kwa daktari wa mifugo, Mzungu aliyemaliza mkataba na kurudi kwao. Lilikuwa gari la zamani lenye nyumba nzima tumboni: kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki, kabati za mbao nzito, tangi la maji chini ya kiti, na paa la kuinuka ili mtu asimame wima. Mwantum alijifunza kuendesha tangu usichana, kwenye lori la ndizi la marehemu baba yake, kwa hiyo usukani haukumtisha. Aliifunga cherehani karibu na dirisha, akaanza kuyafuata masoko. Masukulu, ambako barabara ya udongo huwa utelezi mtupu mvua ikinyesha, alilala humohumo garini na kurudi kesho yake. Watu waliliita Nyumba ya Mwantum, naye alilipenda kwa namna ambayo hata yeye aliona haya kuisema.

"Yule Ezron wa Kiwira amekuja tena jana," Mrisho alisema huku akifunga kifuniko cha tangi. "Anataka kulinunua alitoe magurudumu, alifanye mgahawa."

Mwantum alilitazama kombi. Alimjua mumewe. Hakuwa mtu wa ugomvi, ila akishaona kitu kinavuja, iwe ndoo au gari, hapati usingizi mpaka kizibwe.

"Nipe Jumatatu nne," alisema. "Dumu moja lisipotosha masoko yote matatu, mpe Ezron."

"Nne," Mrisho alikubali, akaenda kufungua karakana.

Siku hiyohiyo Mwantum alilipeleka kombi kwa Rahim, fundi magari aliyekuwa akifanyia kazi nyuma ya msikiti. Rahim alikuwa mtu mpole mwenye masikio ya ajabu. Hakufungua kitu. Alimwomba Mwantum azunguke naye mjini kidogo, waliporudi akashuka na kuigusa rimu ya gurudumu la nyuma.

"Hebu gusa na wewe, Mama Siham."

Mwantum aligusa na kuuvuta mkono haraka. Rimu ilikuwa ya moto kama pasi.

"Breki inashika hata usipoikanyaga," Rahim alieleza. "Umekuwa ukipanda milima huku umelishika gari shati."

Alifungua breki zote mbili za nyuma, akasafisha, akalainisha. Alijaza tairi upepo, maana zote zilikuwa zimelegea. Akabadilisha plagi, akatoa ea klina, kile kichujio cha hewa, iliyojaa vumbi na, bila uongo, kiota kikavu cha panya. Akaikaza kabureta robo mzunguko, akasikiliza, akailegeza kidogo, akasikiliza tena. Halafu akaingia ndani ya gari, akatazama huku na huku kama mgeni anayetafuta pa kukaa.

"Hili tangi la maji lina kiasi gani?"

"Lita sitini. Huwa nalijaza kila ninapotoka."

"Unayabeba maji kuyapeleka wapi?"

Mwantum alilitazama lile tangi. Rungwe nzima haikosi maji. Popote alipoegesha, kijito kilikuwa kikipita hatua chache kutoka mlangoni. Alicheka mpaka akajishika kiuno, na Rahim, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akatabasamu akiutazama mkono wake wenye grisi.

Wakaanza kutoa vitu. Maji yalimwagwa. Keria ya chuma ya juu ya paa, iliyobeba hema bovu la daktari, ilifunguliwa. Kabati mbili nzito zilitoka. Jiko la gesi, ambalo halijapata mtungi tangu Mzungu aondoke, lilitoka. Sinki lilimuuma. Lilikuwa jeupe, lenye bomba la kung'aa, na wanawake wa Masukulu walipenda kuingia garini kulitazama tu. Alilifuta kwa pindo la kanga kabla ya kumkabidhi Rahim.

Ezron alifika siku ya pili yake akakuta lundo lile uani. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, asiyeficha anachokitaka.

"Mnanivunjia mgahawa wangu," alisema.

"Hujanunua bado," Mwantum alimjibu. "Lakini jiko hili, sinki na hizi kabati ukizitaka, chukua. Mgahawa hauhitaji usukani."

Ezron aliizunguka ile mali, akalifungua na kulifunga bomba mara tatu. Jioni alikuja na pikapu ya rafiki yake akavichukua vyote, na kabla ya kuondoka alimkumbusha Mrisho kwamba gari bado analingoja.

Jumatatu iliyofuata Mrisho alimimina dumu lote, kisha akaongeza lita tatu. Mwantum alifurahi, lakini Jumatatu ya pili zilikuwa lita tatu vilevile, na ya tatu vivyo hivyo. Alirudi kwa Rahim amekunja uso.

"Tafuta tena. Kuna kitu umekiacha."

Rahim alifunua injini akasikiliza kwa muda mrefu. Akafunika.

"Mama Siham, usinichukie. Kilichobaki hakimo kwenye gari. Kimo kwenye mguu wako wa kulia."

Mwantum alimchukia. Aliondoka bila kuaga, akalitoa kombi kwa kishindo mpaka kuku wa jirani wakakimbilia uvunguni mwa meza. Yeye, mtoto wa dereva wa lori, aliyefundishwa kushambulia mlima tangu chini, leo anaambiwa hajui kukanyaga mafuta. Njia nzima alikuwa akijijibia mwenyewe, na majibu yote yalikuwa mazuri.

Kesho yake, siku ya soko la Kiwira, alimkuta Tupokigwe kando ya barabara na ndoo mbili za maziwa. Tupokigwe alikuwa mama wa makamo, mfugaji, mteja wake wa zamani, anayepeleka maziwa kwenye migahawa ya Kiwira. Gari alilolizoea lilikuwa limeharibika.

"Nipandishe, mama. Masiwa haya yasipofika asubuhi hii, watu watakunywa chai ya rangi," alisema kwa lafudhi ya Kinyakyusa.

Mwantum alimpandisha nyuma, karibu na cherehani, akaondoka kama alivyozoea. Kwenye miteremko aliliachia, akafika konani akakanyaga breki, akaukabili mlima kwa mafuta yote. Walipofika Kiwira Tupokigwe alishuka taratibu, kanga yake imelowa maziwa, akafunua ndoo na kumwonyesha. Juu ya maziwa yalielea madonge ya manjano.

"Hii ni siagi," Tupokigwe alisema. "Nyumbani natikisa kibuyu saa nzima kuipata. Wewe umeitengenesa toka Tukuyu mpaka hapa."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana ilimwingia. Mwantum aliyatazama yale madonge, na kwa mara ya kwanza akaona kwa macho yale ambayo Rahim aliyasikia kwa masikio. Nguvu iliyoyapiga maziwa vile haikutoka hewani. Ilitoka kwenye tangi.

"Kesho kutwa nakwenda Masukulu," alisema. "Wifi yako si yuko kule? Njoo na ndoo moja. Ukiona siagi, unikate masikio."

Tupokigwe alimtazama kama anayepima ng'ombe mnadani. "Ndaga fijo," alisema. "Asante sana. Lakini ndoo nitaishika mwenyewe."

Siku ya Masukulu waliondoka asubuhi ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Mwantum aliendesha kama mtu aliyejitwika mtungi. Alipoona kona mbali, aliinua mguu mapema, gari likapungua lenyewe bila breki. Kwenye mteremko alilishikilia kwa gia, kwa sababu Rahim alimwonya asithubutu kuteremka nyutro. Mlimani alibadilisha gia kabla injini haijalalamika, akaliacha lipande kwa hatua zake. Mwanzoni aliona aibu. Magari yalimpita, pikapu moja ikampigia honi ndefu. Mguu ulimwasha kwa hamu ya kukanyaga.

"Masiwa yametulia," Tupokigwe alitangaza kutoka nyuma.

Baada ya mwendo kidogo Mwantum aligundua jambo jingine. Alikuwa anaona. Barabara hii aliipita kila wiki kwa miezi minane, na hakuwahi kujua kwamba nyuma ya migomba ya kona ya tatu kuna maporomoko madogo ya maji, wala kwamba chai upande wa kushoto imepandwa kwa mistari inayozunguka kilima kama kitambaa cha mshono. Na watu nao waliweza kumwona. Zamani alipita kama upepo, wakabaki kupungia vumbi. Sasa mwanamke mmoja alitoka shambani na koti la mtoto mkononi, akamwinulia, na Mwantum akasimama. Akapunguza mikono ya koti akiwa palepale kando ya barabara, huku Tupokigwe akiongea Kinyakyusa na mama yule kuhusu watu wanaowajua wote wawili. Hatua chache mbele wakasimamishwa tena, mara hii na mwalimu aliyetaka suruali mbili zifupishwe. Walipofika Masukulu, mchana ulikuwa umeingia na sanduku la uzi limepungua nusu.

Tupokigwe alifunua ndoo. Maziwa yalikuwa meupe, yametulia kama shuka.

"Masikio yako utabaki nayo," alisema. Wakacheka mpaka wifi akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Kurudi siku ya pili mvua iliwashukia katikati ya mlima mrefu. Gari lilinusa utelezi na kusita. Mwantum alikaza meno, gia ya pili, mguu umetulia, asikanyage wala asiachie, na kombi lile jepesi lisilo na maji, keria wala jiko likapanda kama mbuzi anayejua njia ya kwao. Juu kabisa, ukungu ulipofunguka na Tukuyu ikaonekana, aliimba. Hakuwa na sauti nzuri, na Tupokigwe alimwambia hivyo.

Jumatatu ya nne majirani walikuwa wamesikia habari za sharti lile. Rahim alikuja amevaa kanzu safi kama anakwenda kwenye posa. Ezron alikuja pia, akasimama karibu kabisa na tangi. Mrisho alisimika funeli, akainua dumu, akamimina polepole. Petroli ikaingia, ikaingia, kisha ikachungulia mdomoni. Mrisho aliweka dumu chini, akaliinua tena, akalitikisa. Kilichobaki kilisikika mpaka barazani kwa jirani. Akakimimina kwenye kopo lake la kupimia, akainama kusoma.

"Lita nne na nusu zimebaki," alisema. Akasoma tena kwa sababu ndivyo alivyokuwa. "Na zaidi kidogo."

Rahim alimpa Mwantum mkono, na Mwantum akaushika kwa mikono yake miwili.

"Nilikununia, kaka. Nisamehe."

"Nilikuona," Rahim alisema. "Kuku pia walikuona."

Ezron alishusha pumzi, akalipapasa kombi ubavuni kama mtu anayeaga. Kisha akauliza kama Mwantum anaweza kumshonea vitambaa kumi na viwili vya meza, kwa sababu mgahawa atafungua tu, na sinki lile limeshaanza kuvuta watu.

Wageni walipotawanyika, Mrisho alibaki uani akizungukazunguka gari. Alifungua mlango, akajaribu kitanda kwa kiganja, akatazama mahali palipokuwa na kabati, ambapo sasa palibaki wazi.

"Hapa nikiweka taa zangu na ndoo za bati, zitazidisha uzito?"

"Bati ni jepesi," Mwantum alisema.

"Basi kesho sifungui karakana. Twende wote Kiwira."

Waliondoka na jua, taa za bati zikigongana nyuma kwa sauti ndogo tamu. Mrisho alikaa mbele amevaa kofia yake ya Ijumaa, mikono magotini. Baiskeli ya kwanza iliyobeba mkungu wa ndizi ikawapita mteremkoni. Baiskeli ya pili ikawapita. Mpanda baiskeli wa tatu aliwasalimia kwa heshima alipokuwa akipita. Mrisho alijikohoza.

"Mama Siham, hatuwezi kuongeza mwendo hata kidogo?"

Mwantum alishikwa na kicheko. Ilibidi aegeshe kando, chini ya migomba, mpaka kimwishe.