Mguu wa Kushoto wa Mama Honi

Mtaa mzima haukuwa na dereva wa kumfikia Mama Honi. Tangu ashike usukani hajagonga mtu, hajagonga mnyama, hajagonga gari la mwenzake. Aliyasema hayo mwenyewe, kifua mbele, mbele ya bintiye na jirani yake. Kisha jicho lake likaangukia lango la nyumba yake, lilivyopinda, akaongeza, "Lango silihesabu. Lango halina roho."

"Na ile ndoo?" aliuliza jirani.

"Ndoo ilinifuata."

Bintiye hakucheka. Alikuwa amefika asubuhi hiyo amevaa ovaroli ya marehemu baba yake, mikono ameikunja mpaka viwikoni, na kwenye buti la gari lake amepakia diski mpya za breki, pedi mpya, jeki na stendi za chuma. Siku za kazi alikuwa mwalimu wa hesabu. Siku hiyo alikuja kwa sababu gari la mama yake lilikuwa likilia kila likisimama, mlio wa kusaga unaotia ganzi meno, na kwa sababu kaka yake alikuwa amepiga simu.

"Kaka anasema ufunguo uondoke hapa," alisema. "Anasema macho yako yamechoka."

"Macho haya ndiyo yaliyomwona yeye akiramba sukari gizani."

"Ndiyo maana nimekuja mimi, asije yeye. Nitafunga breki mpya, halafu nitaona mwenyewe unavyoendesha. Nikiridhika, ufunguo unabaki. Nisiporidhika, mama, naondoka nao."

Mama Honi akapiga hesabu kichwani. Bila ufunguo ule hakuna kwenda sokoni, hakuna kwenda kumchungulia dada yake na kumwambia amenenepa, na hakuna Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku aliyokuwa akimpeleka jirani yake kliniki ya macho. Jirani huyo alikuwa mshonaji, mwembamba hasa, na watu walimwita Bi Sindano bila kufikiri sana. Alikuwa amekuja na kigoda chake, kitambaa cheupe kichwani, akaketi kando ya banda la gari akijitia anaota jua. Ukweli ni kwamba alikuja kukitetea kiti chake cha mbele.

Kazi ikaanza.

Mama Honi alidhani bintiye ataanza kwa kuliinua gari. Wapi. Aliweka jiwe nyuma ya gurudumu la nyuma, akashika spana, akazilegeza nati za magurudumu ya mbele huku bado yamekanyaga chini.

"Mbona huinui?" aliuliza mama.

"Gurudumu likiwa hewani litazunguka pamoja na spana. Acha ardhi inishikie."

Halafu ndipo jeki ikapanda, stendi zikaingia chini, na binti akalisukuma gari kwa bega, huku na huku, kabla ya kupeleka hata kidole chini yake.

"Jeki yenyewe huiamini?"

"Jeki ni ya kuinulia. Kubeba ni kazi ya stendi."

Yalikuwa maneno ya marehemu, neno kwa neno. Mama Honi alikumbuka alivyokuwa akimwita binti huyu atoke uvunguni mwa gari la baba yake akaoshe vyombo, na mtoto akijifanya kiziwi. Leo, alijisemea, vyombo nitaosha mimi, na nikimwona anakuja jikoni namfukuza.

Gurudumu lilipotoka, diski ikaonekana, sahani nzito ya chuma, na juu yake kile chuma kinachoibana kama koleo, ambacho binti alikiita kalipa. Bolti zake zilikuwa zimegoma. Binti akavisha mpini wa spana kipande cha bomba, akaegemea kwa uzito wake wote, taratibu, bila kukurupuka, mpaka chuma kikatoa mlio wa mlango mkuukuu na kukubali. Kalipa ilipolegea hakuiacha ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Aliifunga kwa waya kwenye springi.

"Tazama alivyoibeba," alisema Bi Sindano. "Kama mtoto mgongoni."

Diski nayo iling'ang'ania. Kutu ilikuwa imeiunganisha na kitovu cha gurudumu. Binti aligonga pande zote kwa nyundo ya mpira, wala haikujibu. Marehemu angefika hapo angeanza kutukana, na majirani wangeita watoto wao ndani. Huyu aliimba chini kwa chini, akachagua bolti mbili ndogo, akazitia kwenye vitundu viwili ambavyo Mama Honi hakuwahi kujua kama vipo, akawa anakaza hii kidogo, anakaza ile kidogo. Mara, to! Diski ikaachia. Mama Honi akajikuta amepiga makofi.

Makofi yakafia mikononi, kwa sababu binti alikuwa ameigeuza diski kwenye mwanga na kukunja uso.

"Njoo uone, mama."

Uso wa diski ulikuwa na mabaka ya buluu na zambarau, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi. Pedi zake zilikuwa zimekwisha, na kidogo kilichobaki kilikuwa kimeungua kikang'aa kama kioo.

"Huku ni kuungua," alisema binti. "Breki za mtu anayesimama kama watu wengine haziungui hivi. Hizi zimekuwa zikisuguliwa njia nzima. Mama, gari lako ni otomatiki. Mguu wa kulia ndio unaofanya kazi zote. Wa kushoto unaukalisha wapi?"

"Chini."

"Si juu ya breki?"

"Ukakae pale kufanya nini? Mguu wangu una adabu."

Binti akamgeukia Bi Sindano. "Shangazi, wewe ndiye unayekaa naye mbele. Hujawahi kusikia harufu ya kuungua?"

"Mwanangu," alisema Bi Sindano, akinyoosha kitambaa chake, "pua yangu nayo ingefaa ipelekwe kliniki."

Binti aliwatazama wote wawili kama alivyozoea kutazama dawati la nyuma darasani, kisha akarudi kwenye kazi. Alikisugua kitovu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote ikaruka. Diski mpya ilitoka kwenye karatasi yake inateleza kwa mafuta ya kuzuia kutu, akaifuta na kuifuta tena, na toka hapo akawa anaishika kwa ukingo tu, kama mtu anavyoshika picha ya harusi. Akachukua jiriwa ya kubania, akairudisha ndani polepole pistoni, ile inayozisukuma pedi, huku jicho moja likiwa kwenye chupa ya mafuta ya breki yasije yakafurika.

"Niingie ndani nikukanyagie breki?" aliuliza Mama Honi, maana mikono ilimwasha kwa kukosa kazi.

"Usiiguse breki kabisa kalipa ikiwa wazi. Pistoni itachomoka, na wote tutalia."

Mama Honi akaificha miguu yote miwili chini ya gauni.

Upande wa pili ulikwenda upesi zaidi. Mama alitazama ile mikono iliyochafuka mpaka kwenye kiwiko, isiyobahatisha, inayorudi kukagua bolti iliyokwisha kukazwa kana kwamba imekazwa na mtu mwingine, asiyeaminika. Alitamani mtaa wote upite langoni muda ule ule. Hakupita mtu. Akapenyeza mkono dirishani akapiga honi kidogo, huenda wakasikia.

"Mama, toka kwenye honi. Haya, sasa ingia ukanyage breki. Taratibu, mara nyingi, mpaka ikaze."

Mara ya kwanza pedeli ilizama mpaka sakafuni, na roho ya Mama Honi ikazama nayo. Mara ya pili ikapanda. Ikapanda tena, mpaka ikawa ngumu chini ya unyayo.

"Ukikanyaga, taa za nyuma zinawaka vizuri," alisema binti akiwa nyuma ya gari.

Magurudumu yaliporudi na gari kushushwa, alilitoa yeye kwanza, akazunguka mitaa huku akipunguza mwendo na kuongeza, kuzizoesha pedi na diski zijuane. Aliporudi gari lilisimama kimya. Hakuna mlio, hakuna mtetemo. Bi Sindano alisema hata kitanda chake hakisimami hivyo.

"Zamu yako, mama. Mpaka kwenye kona na kurudi. Mimi nitasimama langoni."

Mama Honi aliketi akanyoosha mgongo. Miguu ikaenda mahali pake pa siku zote. Gari likatambaa barabarani kwa utulivu mkubwa, likapita dukani, likafika kwenye kona, likageuka. Alimpigia honi mwenye duka, akampigia na mbuzi. Akaingia langoni bila kuligusa, akasogea mpaka ndani ya banda, pua mbele, akaweka gia ya kuegesha na kuzima injini. Ndani ya banda giza la jioni lilikuwa limeanza.

Binti na Bi Sindano walikuja kusimama nyuma ya gari.

"Umeionaje?" Mama Honi aliita kupitia dirishani.

"Breki zinashika. Na mguu wa kushoto?"

"Umelala chini safari nzima, kama paka aliyeshiba."

"Na sasa hivi uko wapi?"

"Bado umelala. Hata sijauamsha."

Mama Honi akatupa jicho kwenye kioo. Kitambaa cheupe cha Bi Sindano kilikuwa chekundu kama nyanya. Akainua kisigino kidogo, kikawa cheupe. Akashusha, kikawa chekundu.

"Jua la magharibi hilo," alisema kwa uso mkavu.

Bi Sindano, aliyekuwa ametunza ulimi wake vizuri kutwa nzima, akageuka kutazama. "Shoga, jua liko upande wa pili wa nyumba," alisema, kisha akaikumbuka Alhamisi yake na kujiziba mdomo.

Binti akaja mpaka dirishani, akanyoosha kiganja cheusi kwa grisi. Mama Honi akauchomoa ufunguo, akauweka juu yake bila kumtazama.

Binti akaurudisha mapajani mwa mama.

"Sitaki huo," alisema. "Nipe kiatu cha kushoto, mguu mtupu utajihisi ukipanda breki. Tunarudi barabarani."