Sahihi ya Mwenye Eda

Kaka yangu Muntasir alifariki mwezi wa Juni, Jumanne asubuhi, dukani kwake Ngamiani, akiwa anamfungia mteja mnyororo wa baiskeli. Presha. Aliinama na hakuinuka. Alimwacha mkewe, Khuloud, na binti yao mmoja, Ghadir, aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Akaniacha na mimi, Muzna, dada yake mkubwa, ambaye siku hiyo hiyo nilijipa kazi ambayo hakuna aliyenituma: kumsimamia Khuloud akae eda yake sawasawa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mkali. Mtaa wetu mzima wa Nguvumali unalijua hilo na sina haja ya kulificha. Nami nilifiwa na mume nikiwa na miaka ishirini na minne, nikakaa miezi yangu minne na siku kumi katika chumba chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe mama mkwe alilipigilia mbao. Sikutoka hata kuanika nguo. Siku nilipotoka, jua lilinitia kizunguzungu, na wanawake wakanisifu kwamba nimemsitiri marehemu wangu. Sifa ile nimeishi nayo miaka arobaini. Kwa hiyo zamu ya Khuloud ilipofika nilimwonyesha chumba cha nyuma, nikamtolea nguo nyeupe, nikamwambia:

"Hapa, wifi, mpaka siku zako zitimie. Ukitaka lolote niite mimi."

"Haya, wifi," akasema. Khuloud ni mwanamke ambaye sauti yake huisikii mpaka usogee.

Matokeo yalitoka Julai. Ghadir alipata daraja la kwanza, la juu kabisa, na nyumba ikalia upya, maana aliyestahili kufurahi hakuwepo. Tangu yuko darasa la nne baba yake alikuwa akimwita daktari wangu, na wateja wa spoku na tyubu walilazimishwa kusikia alama za mtihani wake kabla hawajarudishiwa chenji.

Sasa watu wakisikia jina letu la Kiarabu hudhani tuna makabati ya dhahabu. Babu alikuwa na mashamba ya minazi kweli, lakini yamerithiwa na kugawanywa mpaka ukiniuliza langu nitakuonyesha minazi sita. Duka la Muntasir lilikuwa linatulisha, basi. Kusomesha daktari miaka mitano Dar es Salaam, hapana.

Ghadir alilijua hilo kuliko sisi. Wiki moja baada ya matokeo alinijia na karatasi mkononi.

"Shangazi, hii ni fomu ya mkopo wa serikali. Nikiupata nalipiwa ada, chakula na malazi. Nisipoupata siendi. Hakuna njia nyingine, nimeshapiga hesabu zote."

Alikuwa amejaza kila kitu kule steshenari. Cheti cha kifo cha baba yake alikihangaikia mwenyewe, ofisi hii mpaka ile, mtoto wa miaka kumi na tisa aliyefiwa juzi. Kilibaki kitu kimoja. Mdhamini wake alikuwa mama yake, na ilitakiwa picha ya mama na sahihi yake mbele ya wakili.

"Kwani lazima yeye?" nikauliza. "Mimi je?"

"Wewe kitambulisho huna, shangazi. Una namba tu, na jina lako limekosewa. Ami Asaad yuko Maskati. Amebaki mama. Ni nusu saa tu. Bajaji mpaka studio, bajaji mpaka kwa wakili, bajaji mpaka hapa."

Nilimtolea macho. "Mwenye eda akapigwe picha? Akae uso wazi mbele ya mwanamume wa kando, na baba yako hana hata miezi miwili kaburini? Astaghafirullah! Watu watatusemaje?"

"Watu hawatanilipia ada, shangazi."

Lilikuwa neno la kweli, na kwa sababu lilikuwa la kweli nilikasirika zaidi. Nikamfukuza mbele yangu.

Yule wakili, Fanueli, kijana wa Muheza mwenye adabu zake, Ghadir alipomweleza akafunga safari kuja mwenyewe. Alisimama barazani, akaniamkia, akasema mama asihangaike kutoka. Atapigwa picha na binti yake kwa simu huko huko ndani, kisha atatia sahihi akiwa nyuma ya pazia, yeye atageuza uso akitakiwa, ila asikie tu sauti yake ikikubali. Mtu wa dini nyingine alikuwa anatutafutia njia ndani ya dini yetu. Nikamjibu kwamba mwenye eda hasemezani na wanaume. Akasema sawa mama, akaondoka, na chai niliyokuwa nimempikia nikaimwaga.

Mwisho wa Agosti ulipofika Ghadir alikuwa amekonda. Halafu ikatangazwa kwamba dirisha la maombi limeongezwa wiki mbili. Nilimsikia akipiga kelele ya furaha uani, na baada ya dakika moja alikuwa amepiga magoti miguuni pangu.

"Shangazi, basi twende tukamuulize Maalim Idarusi. Akisema haifai, sitakusumbua tena."

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka nilieleze kosa langu bila kulipaka mafuta. Msikiti uko hatua mia mbili kutoka kwetu. Maalim Idarusi angenijibu pale pale. Lakini miye, Muzna, niliyekaa nyuma ya mbao miezi minne, niende kuuliza eda inakaliwaje?

"Dini hii nimefundishwa kabla mama yako hajazaliwa," nikasema. "Siendi kumsumbua Maalim kwa jambo linalojulikana."

Akaniomba basi tumuulize mama mwenyewe. Hilo nilikubali, maana nilijua jibu. Tuliingia chumbani. Khuloud alikuwa ameketi kitandani na tasbihi, mweupe kwa kukosa jua. Nikamwambia, "Wifi, mwanao anataka utoke. Unataka kutoka?"

Alimtazama Ghadir, akanitazama mimi, akateremsha macho. "Atakavyosema wifi."

"Umesikia?" nikamwambia mtoto.

Alisikia. Dirisha la maombi lilifungwa, na Ghadir hakulitaja tena jambo lile. Nilijidanganya kwamba amekubali.

Barua ya chuo ilikuja, kachaguliwa kusoma udaktari. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaenda kufungua duka la baba yake. Majina ya waliopata mkopo yalipotoka, Blessing, binti wa yule mama anayekaanga samaki ng'ambo ya barabara, alikuwemo. Walisoma darasa moja, na Ghadir ndiye aliyekuwa akimwelekeza hesabu. Alikuja kuaga na begi jipya la magurudumu, akamkumbatia mwenzake, wakalia wote wawili. Mama yake Blessing alisimama uani kwetu, harufu ya mafuta ya samaki nguoni, asijue aweke wapi uso kwa furaha yake. Nilimpa mkono wa heri. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna ile.

Nikaenda nikauza bangili zangu nne, za harusi. Nilimpelekea Ghadir fedha dukani, nikaziweka juu ya meza kati ya breki na kengele za baiskeli.

"Hizi zinatosha ada ya mwaka huu," nikasema.

"Nitalala wapi, shangazi? Nitakula nini?" Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma. "Na mwaka wa pili?"

Alizifunga zile fedha kwenye leso, akanirudishia kwa mikono miwili kama nilivyomfunza kumpa mtu mkubwa kitu.

Eda ilikwisha katikati ya Oktoba. Tulimtoa Khuloud, akaoga, akavaa gauni la rangi, tukafanya kisomo. Wanawake walijaa ndani, na wakanisifu tena kwa jinsi nilivyomlinda mke wa kaka yangu. Baada ya dua Maalim Idarusi aliniita kando ya baraza akauliza Ghadir anaondoka lini kwenda chuo, maana marehemu alikuwa hachoki kumwambia habari za daktari wake. Nikamweleza yote. Nilimweleza huku nimeinua kichwa, nikidhani atanipongeza.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Bi Muzna, mbona hamkuja kuniuliza? Mjane mwenye haja hutoka mchana, akarudi akalala kwake. Haja ya mtoto yatima si haja?"

"Lakini picha, Maalim..."

"Wanawake wetu wanapigwa picha za pasi kwenda Hija," akasema. "Na yule wakili aliyekuja mpaka mlangoni, mlitaka nini zaidi?"

Sikumbuki nilimuaga vipi. Nilisubiri wageni waondoke wote, nikaenda chumba cha nyuma. Khuloud alikuwa anakunja zile nguo nyeupe. Nilikaa chini, mimi ambaye huketi kitini mbele yake, nikamwambia alichosema Maalim. Nikamwambia nimemdhulumu yeye na mwanawe. Nikalia, na si kilio cha heshima.

Aliendelea kukunja mpaka nguo ya mwisho.

"Nlijua, wifi," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba yafaa kutoka. Nlisomeshwa chuoni, cha Kurani, kwetu Pangani, nikiwa mdogo. Nlijua tangu siku ile ya kwanza Ghadir alipokuja na fomu."

"Basi kwa nini hukusema?"

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake niliisikia bila kusogea. "Ningesema nataka kutoka, ungesema sikumpenda kaka yako. Ungewaambia watu. Nikakaa nikasubiri mtu mwingine aseme kwa niaba yangu. Nlimtazama mwanangu kwa upenyo wa mlango, amepiga magoti, nikanyamaza."

Sikumbishia. Ningesema hivyo hivyo, na ningewaambia watu.

Alinishika mkono. "Usimwambie Ghadir. Baba hana. Asije akaniondoa na mimi moyoni."

Nikamwapia, na kiapo nimekishika. Ghadir yuko dukani, anauza tyubu na kuziba pancha. Anasema maombi yakifunguliwa tena ataomba, na huenda wakampa, huenda wasimpe; nafasi yake ya mwaka ule imekwenda kwa mtu mwingine. Jioni akirudi humbusu mama yake mkono, hukaa naye wakala na kucheka kidogo. Mimi huniamkia shikamoo kutoka mlangoni, wala hanisogelei. Najua anachoniwazia, na najua ningeweza kukigawa nusu kwa nusu na mama yake kwa neno moja.

Namwitikia marahaba, naenda zangu.