Kichwa cha Cherehani

Mdogo wangu aliinua mfuniko wa meza ya cherehani ya marehemu mama, akachungulia ndani, kisha akanitazama mimi.

"Dada, kichwa kiko wapi?"

Ndani palikuwa na tundu tu, na mkanda wa ngozi unaning'inia. Cherehani hiyo mama alimwachia yeye, fundi nguo pekee kwetu. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, na ufunguo wa nyumba hautoki kwenye pochi yangu. Kesho yake asubuhi tulikuwa tunarudi mahakamani kufunga shauri.

"Labda kaka anajua," nikasema.

Kaka alikuwa mlangoni, anakunja zulia alilorithi. "Mimi? Hata kifungo nashonewa."

Mdogo wangu hakucheka. "Orodha ya mali uliandika wewe. Cherehani moja, nzima. Ulikiona?"

Nikajibu nilikiona. Uongo ulinitoka kabla sijaufikiria. Siku ya kuandika orodha nilitandaza karatasi juu ya meza hiyohiyo, mfuniko umefungwa, nikaandika huku nimeiegemea. Nilikuwa na haraka ya kuwachukua watoto shuleni.

"Basi kimetoka kwa ufunguo wako." Akabeba mkoba wake, akaondoka bila kuniaga.

Nikafunga nyumba. Mama asingeweza kukitupa. Kama hakikuibwa, kiko kwa fundi. Nikawazungukia mafundi wanaotengeneza cherehani sokoni, mmoja mmoja. Kwa wa tatu nikakiona rafuni, kimefunikwa kitambaa cha mama cha maua.

"Hicho ni cha mama yangu. Amefariki. Msimamizi wa mirathi ni mimi." Nikampa karatasi za mahakama, na orodha yangu ndani yake.

Akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. "Pole sana. Lakini hapa umeandika cherehani yenu iko nyumbani, nzima. Na saini ni yako."

"Ndiyo."

"Sasa hiki ni cha nani, mama? Nikikupa, kesho akija mwenye karatasi ya kweli nitamwambia nini?"

Nikatoka nje, nikampigia mdogo wangu. Alipokea.

"Kipo kwa fundi," nikasema. "Kimefunikwa kitambaa chake cha maua; mama alikipeleka mwenyewe. Hanipi, kwa sababu ya orodha yangu. Niliandika bila kufunua."

"Uliniambia ulikiona."

"Nilidanganya."



"Kesho mbele ya hakimu utasema hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Kaka akisikia."

"Huyo atakucheka mpaka uzeeni." Akashusha pumzi. "Mwambie fundi asimpe mtu. Orodha ikishasahihishwa nitakuja kukichukua mwenyewe. Wewe usikibebe."